Kilabu

Kiswahili hakikujisumbua kutafuta maneno mawili.
Kilabu ni pale watu wanapocheza,
kilabu ni pale watu wanapolewa,
na gongo, ukimuuliza mtu wa Tanga,
ni mti wa kupigia, tena ni maji ya kuchoma koo.
Mimi nilizaliwa katikati ya maneno hayo,
Kisumu, nyuma ya kaunta,
hatua arobaini kutoka wiketi.

Mwenye baa alikuwa Bwana Hallam.
Yeye ndiye aliyenunua mipira,
yeye ndiye aliyelipia nyasi,
maana hesabu aliipiga mapema:
watu ishirini na wawili wakisimama juani tangu saa nne
hupata kiu ya watu sitini.
Kiwanja kilikuwa chumvi tu.

Baba yangu, Zakaria Obura, alivuta rola.
Alfajiri alifukia nyayo za viboko
waliopanda usiku kutoka ziwani
kula nyasi za Waingereza
bila kadi ya uanachama.
Saa sita alivaa kanzu nyeupe,
akapitisha trei dirishani.
Jioni alishika penseli, akawa mwandishi wa alama,
kwa sababu wenyewe, wakifika chupa ya tano,
hawakukumbuka nani alitolewa na nani alibaki.

Daftari lilikuwa moja.
Ukilifungua mbele: mbio.
Ukiligeuza, ukaanzia nyuma: madeni.
Mkono ule ule,
vijiti vinne na kimoja cha kuvikata,
vijiti vinne na kimoja cha kuvikata,
hata pale kati, kurasa zilipokutana,
siwezi kukuapia
kama Kirpal Singh thelathini na tano zile alizipiga
au alizinywa.

Vinodrai wa duka la vipuri hakunywa.
Alikaa na tangawizi yake na karatasi ya chevda,
lakini kabla ya kila mechi na Kericho
aliwalipia warushaji madeni yao yote.
Asiye na deni, alisema, hurusha moja kwa moja.
Wakashinda mara mbili. Mara ya tatu
wakakopa upya usiku wa kuamkia mechi,
wakimtegemea yeye.

Kisha ile Jumapili ambayo Tapscott aliamka na malaria.
Wakahesabu: kumi.
Wakahesabu tena.
Wakamwita baba kutoka kwenye rola,
akaingia miguu mitupu.
Moja ya kuiba.
Halafu sita, juu kabisa ya paa la baa,
mabati hayakuguswa,
mpira ukatumbukia kwenye pipa la kuoshea glasi.

Walipiga kelele, walimpiga mgongoni,
huyu leo bia yake juu yetu!
wakaenda naye hadi mlango wa mbele,
na mlango wa mbele ulikuwa na sheria yake.
Wakatazamana.
Baba akazunguka nyuma, akavaa kanzu,
akafungua dirisha, akauliza:
ngapi baridi, ngapi moto?

Mbele ameandika: *Mtu wa rola, 7.*
Nyuma, kwa herufi ndogo: *Obura, bia moja.*
Hakuandika nani anamdai nani.

Kiwanja siku hizi ni yadi ya kuuzia magari.
Kilabu kimebaki na nusu moja ya jina lake.
Wateja huja kutazama soka ya Ulaya,
na lile gongo lililoning'inia juu ya chupa
vijana hudhani ni la wasiolipa.
Siwasahihishi. Hulipa.

Kila Desemba nafunga hesabu:
huyu nafuta, huyu nasamehe,
huyu namfuata hadi kwake Nyalenda.
Mstari ule nauruka.

Usiku viboko bado hupanda.
Hakuna aliyewaambia nyasi ziliisha.
Hunusa lami, hupiga chafya,
husimama kidogo kati ya magari yanayouzwa,
kisha hurudi majini.